Kofia ya Kendo Iliyonukia Kitunguu Saumu

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ameniuliza kwa namna yake. Wale wa kundi la waandishi mmeuliza kama nimepata hadithi. Wale wa ukumbi wa mazoezi mmeuliza kama Yusta hajambo, halafu mkatazama sakafu. Wote nimewajibu kwamba safari ilikuwa ndefu. Ni kweli, ila jibu hilo halitoshi. Leo mvua inapiga bati, sina pa kwenda, na nitawasimulia yote kituo kwa kituo ili nisilazimike kuyasimulia tena.

Kwa ambao hamjawahi kuingia ukumbini kwetu, kendo ni mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa panga, ila panga zenyewe ni za mianzi, vipande vinne vilivyofungwa kwa ngozi. Upanga huo huitwa shinai. Unavaa kofia nzito yenye wavu wa chuma usoni, kinga ya kifua, kinga ya kiuno na glavu nene. Unaruhusiwa kupiga kichwa, kifundo cha mkono, ubavu au koo, basi. Na kugusa tu hakuhesabiwi. Sauti yako, mguu wako na upanga wako lazima vifike pamoja, na ukishapiga ubaki macho kama vile hujapiga. Anayeshangilia pigo lake hufutiwa.

Yusta alinitangulia ukumbini, kwa hiyo ndiye aliyenifundisha kushika upanga, na kwa desturi yetu nilimwita dada ingawa tunalingana umri. Kuna desturi nyingine mnayoijua na ambayo wengine wanapaswa kuijua, maana bila hiyo hamtaelewa mwisho wa safari hii. Mazoezi yakiisha, mdogo hupiga magoti mbele ya mkubwa wake, huinama, na kuomba neno. Mkubwa humwambia jambo moja tu aliloliona kwake siku hiyo. Mdogo hujibu, "Asante sana." Hajitetei wala haulizi. Mhandisi wa Kijapani aliyetuanzishia ukumbi kabla ya kurudi kwao alituambia kwamba anayejibu haraka hajasikia, nasi tukaifanya sheria.

Yusta ni nesi. Alipangiwa kituo cha afya Balangdalalu, wilaya ya Hanang, na ukumbi ukabaki na pengo ambalo hakuna kati yetu aliyeliziba. Tulipigiana simu. Kisha Jumatatu moja akanitumia ujumbe wa sauti: "Elia, Jumapili kuna watu wanakuja kwa baba mdogo hapo Katesh. Wanataka jibu langu. Nilitaka tu ujue."

Niliusikiliza ujumbe huo mpaka nikaujua pale anapovuta pumzi. Nami nilikuwa na jibu: asikubali, kwa sababu nampenda, na nilimpenda kabla hajaondoka. Sikutaka kulisema kwa simu. Niliona ni neno la kupeleka kwa miguu.

Arusha hadi Mbulu

Mtu anayekwenda Katesh kutoka Arusha hupanda basi la kupitia Babati na kufika mchana wa siku hiyo hiyo. Mimi nilipanda la Mbulu kupitia Karatu. Niliwaambia baadhi yenu kwamba nakwenda Tlawi kuchukua seti ya pili ya kinga, ile aliyoondoka nayo Mwalimu Tluway alipohamia kwao, ili nimpelekee Yusta apate kufundisha huko aliko. Sababu hiyo ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba hata mimi niliiamini.

Ukipita Karatu barabara inaanza kupanda, na hewa inabadilika kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kingine. Kwenye kona moja lori la vitunguu lilikuwa limezama kwenye tope, limekaa upande, na basi letu halikuwa na pa kupita. Tukateremka. Akina mama wakatokea mashambani na mahindi ya kuchoma. Mzee mmoja mwenye koti refu alitazama mfuko wangu mrefu wa panga.

"Kijana, hicho ni kinanda?"

"Shikamoo mzee. Hapana, ni fimbo za mchezo."

"Marahaba. Mchezo gani wa kufungiwa fimbo ndani ya nguo kama maiti?"

Watu walicheka. Nikamweleza kendo palepale kando ya lori, nikamwonyesha namna ya kusimama, mguu wa kulia mbele, kisigino cha kushoto juu kidogo. Alinitazama kwa makini kisha akauliza swali ambalo lingenifuata safari nzima: "Na faida yake nini?"

Nilimjibu kuhusu afya. Mgongo ulionyooka, mapafu, miguu. Nikamwambia kwamba sisi tunaoshinda tumeinamia simu na kompyuta tunahitaji kitu cha kutuinua vichwa. Akaitikia kwa heshima, akaniachia nusu ya hindi lake.

Lori lilipotolewa jua lilikuwa limeinama, na tukaingia Mbulu na baridi yake. Watu wote basini walikuwa wamelalamika, isipokuwa mimi. Sasa najua kwa nini nilifurahia kuchelewa.

Tlawi

Mwalimu Tluway hakuwa amebadilika ila goti. Alinipokea akiwa na mkongojo na sweta ya shule aliyoirithi kwa mwanawe. Mkewe, Mama Ema, alikuwa ameketi jikoni akisuka vitunguu saumu kwa mafungu, na nyumba nzima ilinukia.

"Nimekuja kuchukua kinga zako, Mwalimu."

Wakatazamana. Mama Ema akaanza kucheka kabla hajasema lolote.

"Mgeni," alisema, "angalia juu yako."

Kinga ya kifua, ile nyeusi ya kung'aa ambayo Mwalimu alikuwa akiifuta kwa kitambaa kila baada ya mazoezi, ilikuwa imening'inizwa darini kwa kamba, imejaa vitunguu saumu. Kofia nayo ilikuwa juu ya kabati, imejazwa mpaka kwenye wavu.

"Inapitisha hewa vizuri," Mwalimu alisema kwa aibu. "Haviozi."

"Miaka yote aliniambia hicho chombo ni cha heshima," alisema Mama Ema. "Nami nimekipa kazi ya heshima. Wewe niambie, baba, maana huyu hajawahi kunijibu. Alikuwa anaamka alfajiri kupiga hewa kwa mti. Faida yake nini hasa?"

"Hasira zangu zilipungua," Mwalimu alijitetea. "Hilo huwezi kulikataa."

"Zilipungua kwa sababu ulikuwa umechoka!"

Tulikula ugali na maziwa mgando, na viazi vilivyopikwa na maharage. Tuliongea mpaka moto ukawa makaa. Niliposimama kuondoka Mwalimu akasema barabara imelowa, nilale, nami sikuhitaji kubembelezwa. Asubuhi tukatoa vitunguu vyote na kuipangusa kofia kwa maji ya moto. Harufu haikutoka. Ilikuwa imeingia kwenye pamba za ndani, mahali panapogusa mashavu.

Mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani, akichechemea kwenye umande.

"Yusta anajua unakwenda?"

"Nataka kumshtukiza."

"Hapana. Hutaki ajue, ili ukigeuka njiani asijue kwamba ulianza safari." Alisimama akapumzisha goti. "Unakumbuka magonjwa manne?"

Nilikumbuka. Katika kendo tunafundishwa kwamba adui wanne wanakaa ndani ya moyo wa mchezaji: mshangao, hofu, shaka, na kuchanganyikiwa. Mazoezi yote, zile kelele zote, zile alfajiri zote, ni dawa ya hayo manne.

"Hofu huna," alisema. "Nilikuwa nakutazama. Unasimama vizuri, unaona vizuri. Ila ukishaona, unajiuliza kama kweli umeona. Wewe ni mgonjwa wa lile la tatu, mdogo wangu. Haya, nenda."

Tumati, ambako sikuwa na safari

Ijumaa nilipata gari dogo la abiria, Noah ya Dongobesh. Dereva, kijana mchangamfu aitwaye Bura, alituambia atakatiza Tumati mara moja kupeleka mkanda wa mashine ya kusaga. Tulipofika mkanda ulikataa kukaa, akavua shati na kuingia mwenyewe mashineni. Abiria wakanigeukia.

"Kaka, toa huo mzigo nje upigwe na upepo. Tumepanda gari au tumepanda mchuzi?"

Nikaiteremsha mizigo yangu, nikaitoa kofia na kuiweka juu ya jiwe, wavu ukielekea jua. Haikupita muda nikasikia sauti ya mwanamke: "Bwana nyuki! Jamani, bwana nyuki amefika!"

Huyo alikuwa Mama Paskalina. Nyuki walikuwa wameingia kwenye dari ya ghala lake, na ofisi ya kata ilikuwa imemwahidi mtaalamu. Alipoona kofia yenye wavu na glavu nene, hakuhitaji maelezo zaidi.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba, baba. Tumekungoja tangu wiki iliyopita. Karibu, karibu sana. Utakula kwanza."

Nilifungua kinywa kumwambia. Kweli nilikifungua. Lakini tayari alikuwa amemtuma binti yake kukamata kuku, tayari majirani walikuwa wananipa mikono, na nilijiambia, ngoja wamalize kusalimia. Halafu nikajiambia, ngoja nione hao nyuki, ni kitu cha kuandika. Halafu nikajiambia, nitamwambia njiani kwenda ghalani. Nilikuwa uani kwake nimeshika kikombe cha chai ya maziwa niliposikia honi ya Noah.

"Huyo ni Bura," Mama Paskalina alisema. "Nimemwambia aende tu, mgeni wetu ameshafika."

Nilikimbia mpaka barabarani na kikombe mkononi. Vumbi la gari lilikuwa linashuka taratibu juu ya majani ya mahindi.

Nikarudi. Nikala kuku, maana alikuwa ameshachinjwa, na alikuwa mtamu, na hilo nalo linaniuma. Mama Paskalina aliponikabidhi fungu la majani makavu la kufukizia ndipo nikasema.

"Mama, mimi si bwana nyuki."

Binti yake akaziba mdomo kwa kanga.

"Si bwana nyuki?"

"Hapana, mama. Hii ni kofia ya mchezo. Kendo. Tunapigana kwa fimbo."

Alikitazama kichwa cha kuku kilichobaki kwenye ungo. "Kwa hiyo kuku wa bwana nyuki ameliwa na bwana fimbo."

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko, naye akacheka zaidi ya wote mpaka akakaa chini. Vijana waliotoka kuchunga wakataka kuona. Nikavaa, nikapiga sauti, nikaonyesha pigo la kichwa. Mmoja wao akasema, "Sisi tunapigana hivyo machungani, ila bila kofia. Kofia ya nini kama unajua kukwepa?" Nikamweleza kwamba kofia ipo ili mwenzako akupige kwa nguvu zake zote bila chuki, na wewe umshukuru. Hilo liliwafikirisha.

"Na faida yake?" aliuliza Mama Paskalina, akifuta machozi ya kicheko.

Safari hii nilijibu vizuri. Nilisema kwamba kendo inamfundisha mtu kusimama mbele ya anayetaka kumpiga bila kufumba macho. Inamfundisha kuona nafasi inapofunguka, maana haikai wazi, na kuingia humo mzima mzima, mwili na sauti, bila kubakiza kitu nyuma. Nilisema kwa ufasaha. Mlikuwa hamjawahi kunisikia nikiongea hivyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mafunzo mazuri," alisema. "Sasa baba, ungesimama tu mbele yangu ukasema. Neno lenyewe lilikuwa fupi."

Hapakuwa na gari lingine siku hiyo. Jioni nilipanda mlimani kidogo kutafuta mtandao. Ulishika. Nikaandika, "Yusta, niko njiani nakuja, nina jambo." Nikausoma ujumbe. Nikaona neno "jambo" ni zito, nikalifuta. Nikaona bila jambo hilo ujumbe hauna maana, nikaufuta wote.

Dongobesh hadi Katesh

Jumamosi asubuhi mume wa Mama Paskalina alinipeleka Dongobesh kwa pikipiki, mfuko wa panga umefungwa ubavuni kama mkuki. Kutoka hapo gari liliteremka Dareda, masikio yakiziba, ukungu ukibaki juu na joto likitupokea chini, kisha lami, kisha mlima Hanang ukajitokeza mbele yetu peke yake, wingu limekaa kileleni na makorongo yake yako wazi kama makovu.

Katesh nilitafuta usafiri wa Balangdalalu na nikaambiwa ningoje. Nilikaa kwenye mgahawa wa Mama Salma, ambaye pia ana duka la nafaka mlango wa pili, mwanamke mwenye ushungi wa zambarau na macho yasiyokosa kitu. Aliniletea supu na chapati. Akanusa.

"Kijana, umebeba kitunguu?"

Nikamweleza kila kitu isipokuwa lile lililo muhimu. Nilipotaja Balangdalalu na nesi Yusta, akaliweka birika chini.

"Yusta wa kwa mzee wa kona ile? Baba yake mdogo ameagiza mchele kwangu. Kesho ana wageni." Alinitazama. "Wewe ni ndugu yake?"

"Tunafanya mazoezi pamoja."

"Aa." Alipangusa meza ambayo ilikuwa safi. "Kijana wa mifugo, huyo anayemposa. Mpole, hana makuu. Alikuja mwenyewe akiwa amenyoa, akasimama pale kwa mzee akasema, nimemwona binti yako, nampenda, naomba niruhusiwe kuleta wazazi. Mzee alinihadithia. Alisema kijana alikuwa anatetemeka mpaka kofia mkononi ikawa inacheza, lakini alisema."

Nilisukuma supu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu huyo, na Mama Salma akaninyima hata hilo.

"Bodaboda hiyo inakwenda upande huo," alisema, akionyesha kwa kidevu. "Usingoje gari. Gari litakuchelewesha."

Balangdalalu

Njia yote nilikuwa nalirudia neno langu nyuma ya dereva wa bodaboda. Usikubali. Nakupenda. Njoo turudi. Nilijaribu kuyapanga upya kama ninavyopanga sentensi, nikayapamba, nikayapunguza. Vumbi jeupe lilikuwa linapita juu ya mashamba ya alizeti yaliyovunwa, na ng'ombe walivuka barabara taratibu, kengele moja ikilia, wala hawakumwogopa mtu.

Yusta alikuwa anaanika shuka za wodi kwenye kamba. Alinitazama kwa muda kama mtu anayesoma jina lisilosomeka vizuri. Kisha akaacha shuka na vibanio vikaanguka.

"Elia? Elia wewe?"

"Shikamoo dada Yusta," nilisema kwa utani wa ukumbini.

Hakucheka sana. "Umefikaje? Umekuja lini? Umekula?" Na kabla sijajibu: "Umekuja kwa ajili gani?"

Hapo. Hapo ndipo palikuwa pa kusemea. Wenzake walikuwa mbali, shuka zilikuwa zinapepea, na uso wake ulikuwa umenielekea bila kizuizi chochote. Nikasema, "Nimekuletea kinga za Mwalimu Tluway. Tufanye mazoezi kwanza."

"Haya," alisema. "Mazoezi kwanza."

Walituruhusu darasa moja la shule ya msingi. Tulisogeza madawati, tukavua viatu. Wasichana waliokuwa wakichota maji walijazana madirishani na ndoo zao. Yusta alifunga kitambaa kichwani, akavaa kofia, na mara akaivua.

"Hii nini! Elia, hii ni kofia au ni jiko?"

Alicheka kile kicheko chake cha kurudi nyuma, akiegemea ubao, na kwa muda tulikuwa tumerudi Arusha, hakuna mtu aliyeondoka. Nikamsimulia vitunguu, nikamsimulia bwana nyuki. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafuta macho na kusema kwa sauti nyingine, "Kwa hiyo ulikaa ukala kuku, hukumwambia."

"Nilimwambia baadaye."

"Baadaye," alisema, akaivaa kofia na kuifunga kamba, nami nikavaa yangu niliyotoka nayo Arusha.

Tukainamiana. Tukachuchumaa, tukasimama, ncha za panga zikagusana. Mnaojua mnajua: ukishavaa ile kofia hakuna dunia nyingine, kuna wavu na macho nyuma ya wavu. Alikuwa amezidi kuwa mzuri. Nilimuuliza baadaye imewezekanaje bila mwenzake wa kupigana naye, akasema wodini mama anapojifungua na damu haikomi, mikono yote inatetemeka isipokuwa yake, na hayo ndiyo mazoezi yake. Alinipiga kifundo, akanipiga ubavu, sauti yake ikigonga bati la darasa, wasichana dirishani wakishangilia kila mara na kuambiwa na Yusta mwenyewe, "Hakuna kushangilia!"

Kisha kikatokea kitu ambacho hakikuwahi kutokea kwa Yusta. Ncha ya upanga wake, ambayo siku zote hukaa kooni kwangu kama kidole kinachonionya, ilishuka. Ikasogea pembeni. Kichwa chake kikabaki wazi kabisa.

Niliona. Ninaapa kwenu niliona. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa tayari. Nikajiuliza: ni mtego? Amechoka? Labda si wazi kama ninavyodhani. Upanga wake ukarudi katikati.

Tukazunguka. Ukashuka tena, na safari hii ulikaa chini kwa muda ambao hata mtoto anayejifunza angeingia. Nyuma ya wavu macho yake hayakupepesa. Mimi nilisimama. Nikajiuliza tena. Ndipo akaunyanyua upanga taratibu, akarudi hatua moja, na kuchuchumaa kuashiria mwisho.

Nje bodaboda ilikuwa imerudi kunichukua, maana dereva alitaka kufika Katesh kabla ya giza. Ilipiga honi. Tulivua kofia. Nywele zake zilikuwa zimelowa chini ya kitambaa, na shavuni alikuwa na alama za pamba. Nikapiga magoti mbele yake kama desturi inavyotaka, nikakalia visigino, nikainama.

"Naomba neno, dada Yusta."

Wasichana walikuwa wameondoka madirishani. Nilisikia shuka zikipigwa na upepo kule kamba ilipo.

"Leo nimekuachia kichwa wazi," alisema. "Nimekiacha makusudi, mara ya pili kwa muda mrefu. Uliona, najua uliona. Hukuja." Akafuta jasho shavuni. "Kesho nakwenda Katesh, Elia. Sitaweza kukiacha wazi tena."

Nimeandika riwaya nzima kuhusu watu wanaosema mambo kwa kuzunguka, na nilielewa kila neno. Kinywa changu kilikuwa na jibu nililolibeba tangu Arusha, kupitia tope la Karatu na baridi ya Tlawi na vumbi lote lile. Lakini nilikuwa nimepiga magoti. Mdogo hujibu neno moja, na neno hilo lilikuwa karibu, lilikuwa rahisi, lilikuwa la heshima.

"Asante sana, dada Yusta."

Nikainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Nilipoinua kichwa alikuwa bado ananitazama. Alinitazama hivyo, mikono juu ya mapaja, mgongo umenyooka, kama mtu anayesubiri mwingine amalize sentensi. Alisubiri muda mrefu. Mimi nilifikiri ananipa nafasi ya kupumua.

Kisha naye akainama. "Haya," alisema. Akasimama, akaokota shinai yake.

Kurudi

Nililala Katesh. Asubuhi kengele za kanisa zilipokuwa zinalia nilikuwa stendi ya mabasi. Mama Salma alinipungia mkono kutoka mlangoni, halafu akaona uso wangu na kuushusha. Mbele ya nyumba ya kona kulikuwa na viti vya plastiki vimepangwa kivulini, na mtu alikuwa anamwaga maji kuzima vumbi. Basi lilipita hapo bila kupunguza mwendo.

Jioni, nimeshafika Arusha, simu ililia: ujumbe wa Yusta. "Nimewaambia ndiyo. Ni mtu mwema. Kofia nimeiosha kwa sabuni, bado inanukia. Asante kwa kuileta." Sikuona lawama ndani yake. Niliitafuta, kwa sababu ingenisaidia.

Mtu akija ukumbini na kuniuliza faida ya kendo, bado nitamwambia yale yale niliyomwambia Mama Paskalina, maana ni kweli yote. Itakunyoosha mgongo. Itakuzoesha kuona. Itakuweka mbele ya nafasi iliyofunguka, ukiwa na afya, na pumzi, na macho mawili. Hapo itakuacha peke yako. Yule kijana wa mifugo hajawahi kushika shinai.

Mmeniuliza pia kilichotokea Jumanne iliyopita, na ndilo hasa lililonifanya nikae kuandika. Halima, mgeni wetu ukumbini, alipiga magoti mbele yangu akaomba neno. Nikamwambia kwamba anashika upanga kwa nguvu mno, kama anaogopa utanyang'anywa. Akasema, "Asante sana, kaka Elia," akainama, akajiandaa kunyanyuka kama tulivyomfundisha. Akashangaa kuona mimi sisimami. Nanyi mlishangaa, mkaanza kunong'ona kwamba nimechoka, kwamba nimesahau. Sikuwa nimesahau kitu. Nilikaa pale juu ya visigino vyangu, mikono juu ya mapaja, nikamsubiri, iwapo alikuwa na jingine la kusema.